Rejideso, O-Ash-Pe na Sanduku la Posta
Mhadhara wa umma kuhusu akronimu na vifupisho vingine

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge hushika barabara ya RN3, mwendo wa kilomita 75 hivi, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kuume. Hajafika kwenye mashamba ya michikichi ameshakutana na vifupisho kadhaa, na kila kimoja kina adabu yake ya kusomwa. OHP, ofisi ya serikali inayoshughulikia mafuta ya mawese, husomwa kwa majina ya herufi za Kifaransa: o-ash-pe. REGIDESO, shirika la maji na umeme, haisomwi hivyo. Ni Rejideso tu, neno zima la kusemwa kwa pumzi moja, kama mawese au ndagala.

Hapo ndipo tofauti ilipo. REGIDESO ni akronimu, yaani kifupisho kilichogeuka neno. OHP kimebaki kifupisho cha herufi. Ipo na aina ya tatu, inayoishi kwenye karatasi peke yake. Bahasha ya Kigoma, Tanzania, huandikwa S.L.P., ya Rumonge huandikwa B.P., lakini anayeisoma kwa sauti husema sanduku la posta, au boîte postale. Ndivyo zilivyo pia Bw., Dkt. na n.k.: jicho linaona kifupi, ulimi unatoa kirefu. Aina hii haina ugomvi na mtu, na iachwe hapo.

Ugomvi uko kwenye irabu. CNDD-FDD, chama kilichoingia madarakani Burundi mwaka 2005, kina herufi saba zisizo na irabu hata moja. Ulimi ufanye nini ila kuzihesabu? Jina la UPRONA, chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilichoshinda uchaguzi wa Septemba 1961, liliundwa kwa vipande vya maneno: U ya Union, PRO ya Progrès, NA ya National. FRODEBU, chama cha Melchior Ndadaye kilichoshinda mwaka 1993, kikapita njia hiyo hiyo. FRO, DE, BU: silabi tatu, na mdomo hauhitaji kufundishwa.

Kiswahili kimeipenda sana njia ya vipande, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu. BAKITA, baraza lililoundwa Tanzania mwaka 1967, ni Baraza la Kiswahili la Taifa lililokatwa mapande matatu: ba, ki, ta. Waislamu wa Tanzania wana BAKWATA. Wa Burundi wana COMIBU, ambayo chanzo chake ni Kifaransa lakini sikio la Mswahili wa Rumonge haliikatai hata kidogo.

Hata hivyo hakuna iliyofanikiwa kuliko UKIMWI. Upungufu wa Kinga Mwilini: u, ki, mwi. Aliyeikata alikata vizuri mno, maana silabi ya kwanza ni kiambishi cha ngeli kilichotoka kwenye upungufu wenyewe. Kwa hiyo watu husema ukimwi umeenea, ukimwi unadhibitiwa kwa dawa za kupunguza makali, na wengi hawakumbuki kwamba walianza na maneno matatu. Magazeti mengine huandika Ukimwi kwa herufi ndogo baada ya ile ya mwanzo, na hiyo ni dalili kwamba akronimu imeshapata uraia. Pwani ya Burundi jina ni SIDA, kutoka Kifaransa. Nalo ni akronimu kamili, ila haikuja na ngeli mkononi. Msemaji wa Kiswahili huiingiza katika ngeli ya shida na homa, na kusema SIDA imeenea.

Vifupisho vya herufi huyumba zaidi kwenye upatanisho. Tanzania, mmoja atasema CCM kimeshinda, kwa kuwa moyoni mwake kuna neno chama. Mwenzake, tena mara nyingi zaidi, atasema CCM imeshinda, kwa kuwa anaona herufi tatu tu. Chama hicho kilizaliwa Februari 5, 1977, vyama vya TANU na ASP vilipoungana: akronimu ikaoa kifupisho cha herufi, na mtoto akafuata upande wa herufi. Jambo la kuchekesha ni kwamba maneno ya CCM ni ya Kiswahili, Chama cha Mapinduzi, lakini Mtanzania huyataja kwa majina ya Kiingereza, si-si-em. Akivuka mpaka wa kusini wa Nyanza-Lac atawasikia watu waliosoma kwa Kifaransa wakisema se-se-em.

Ndiyo kodi ya kuvuka mpaka. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kurejea kuanzia 2008, wengi wao kwenye ardhi ya Rumonge na Nyanza-Lac, waliondoka penye UNHCR na kufika penye HCR, ash-se-er, ingawa shirika ni lile lile. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, ni LTA kwa Kiingereza na ALT kwa Kifaransa: herufi zile zile, zimebadilishana viti.

Akronimu huvuka bila kodi hiyo, lakini ina hila yake. Mtu wa Uvira, ng'ambo ya Kongo, anaijua Rejideso tangu utotoni, na kwake ni maji ya bomba; umeme anaununua kwa SNEL, nayo akronimu. Rumonge, jina hilo hilo lina maji na umeme pia. Mwenye Kifaransa akilitamka jina polepole atasikia régie des eaux, shirika la maji, wala hakuna taa popote humo. Mkazi wa Rumonge halitamki polepole. Taa ikiwaka, husema umeme wa Rejideso umerudi.