Kifua kikibana, usiseme ni asidi tu

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Ndabibi katika baraza la afya



Nashukuru kupewa nafasi hii kabla ya upimaji wa presha kuanza. Mimi si daktari. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaeleza wananchi mambo kwa lugha inayoeleweka. Leo nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo na jinsi matibabu yake yalivyosonga mbele. Nitaanzia nyumbani kwetu.

Miaka michache iliyopita, baba yangu mkubwa alianza kubanwa na kifua kila alipopanda mlima kwenda shambani. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu. Akasema ni asidi, nasi tukakubali. Alikunywa maziwa, akanunua dawa dukani, akaendelea na kazi kwa karibu wiki tatu. Usiku mmoja jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito, ndipo tukatafuta gari. Tulipofika hospitali, sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa imeshakufa.

Wengi wenu mmefanya kazi katika mashamba ya maua kule ziwani. Mnaijua mipira ya kunyunyizia maji kwa matone. Chumvi ikiganda ndani, maua ya mwisho wa mstari hunyauka. Mishipa ya moyo ni hivyo hivyo. Mafuta hujikusanya kwenye kuta zake, na baada ya miaka mengine hugeuka magumu kama chokaa. Siku bonge la damu likiziba mpira wote, msuli wa moyo huanza kufa ndani ya nusu saa hivi.

Matibabu yamepiga hatua kubwa. Mwaka 1967, daktari René Favaloro kutoka Argentina, akifanya kazi Marekani, alichukua mshipa wa mguuni mwa mgonjwa na kuutumia kupitisha damu kando ya mahali palipoziba. Ndio upasuaji wa baipasi, sawa na kuunganisha mpira mpya kupita ule mbovu. Mwaka 1977, Andreas Grüntzig, huko Zurich, alipitisha kiputo kidogo ndani ya mshipa na kukijaza ili kuupanua, mgonjwa akiwa macho. Mwaka 1986 zikaja stenti, vijineli vya waya vinavyoachwa ndani ili mshipa usijifunge tena. Baadaye zikapakwa dawa ya kuzuia mshipa kuziba upya.

Leo hata mishipa iliyokuwa ikiwashinda madaktari inafanyiwa kazi. Ikiwa imekuwa migumu kama chokaa, kuna vifaa vya kuikwangua, na vingine vinavyoivunja kwa mawimbi ya sauti, kama vile mawe ya figo yanavyovunjwa. Kuna pia kamera ndogo inayoingia ndani ya mshipa ili daktari aone kama stenti imekaa sawasawa.

Baba mkubwa alipokutwa mishipa yake mitatu imeziba, sisi tulitaka stenti, aende nyumbani haraka. Madaktari wakakataa, na walikuwa na sababu. Utafiti uitwao FREEDOM, uliotangazwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,900 wenye kisukari ambao mishipa kadhaa ya moyo ilikuwa imeziba. Ndani ya miaka 5, waliofanyiwa baipasi walikufa wachache kuliko waliowekewa stenti, na wachache wao walipata mshtuko wa moyo, ingawa kiharusi kiliwapata wengi zaidi. Kwa hiyo kwa ugonjwa mgumu kama huu, wapasuaji na madaktari wa moyo hukaa pamoja na kuamua. Ukiwa na mgonjwa, waulize: kwa nini hii na si ile? Ni haki yako kujibiwa.

Hapa Kenya huduma hizi zipo. Hospitali ya Kenyatta iko Nairobi, Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Eldoret, na Tenwek iko Bomet, ng'ambo ya Mau. Lakini kutoka Ndabibi kote huko ni mbali, na ndiyo maana saa ya kwanza ni yenu.

Kifua kikibana, kikawa kizito au kikauma kwa zaidi ya dakika chache, hasa maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, ondoka nyumbani. Kwa akina mama, wazee na wenye sukari, dalili inaweza kuwa kukosa pumzi, kichefuchefu au uchovu wa ghafla tu. Usiende peke yako kwa bodaboda. Tafuteni gari mapema, na kila mtaa ujue nani ana gari na namba yake. Mkifika, semeni waziwazi: "Ni kifua." Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kufanywa ndani ya dakika 10. Zipo dawa za kuyeyusha bonge la damu. Hufanya kazi vizuri zaidi katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake hupungua sana.

Pesa isiwafunge miguu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jisajilini na SHA kabla ya kuugua, maana foleni ya usajili si ya mtu anayebanwa kifua. Na aliyewekewa stenti asiache dawa zake bila kumwuliza daktari, hata akijihisi mzima.

Baba mkubwa yuko hai. Anakamua ng'ombe wake wawili asubuhi, lakini ule mlima haupandi tena. Wiki zile tatu ndizo zilizomchukulia mlima.

Mhamasishaji wa afya wa mtaa wako ana mashine ya presha na ya sukari. Leo ziko pale chini ya hema. Kabla hujaenda nyumbani, pitia pale.