Nyumba ya Kale Mjini Yatuhusu Nini?

Maneno yaliyonenwa mbele ya wazee na walimu, Rungwe Mpya



Nimeagizwa niseme habari za nyumba moja iliyo katikati ya mji wa Dar es Salaam, iitwayo Boma la Kale, na sababu ya kututaka sisi watu wa Buha tuunge mkono kazi ya kuzitengeneza nyumba za namna hiyo. Jana jioni nalimweleza mzee mmoja neno hili, naye akacheka, akaniuliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha Dar es Salaam, sisi huku Kasulu twalowa?" Sikuwa na jibu tayari. Leo najaribu kumjibu, kwa kuwa naona ameketi pale nyuma.

Nyumba hiyo ilijengwa karibu na bandari katika miaka ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Unguja alipotaka kuwa na mji mpya upande wa bara. Ilikuwa ya kupokelea wageni wake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mlango wake ni wa mbao zilizochorwa nakshi kwa namna ya Unguja. Majid alikufa mwaka wa 1870, na mji wake ukaachwa, hata Wadachi walipokuja wakaufanya makao makuu ya serikali yao mwaka wa 1891. Boma likatumiwa na serikali, likachakaa. Baadaye Halmashauri ya Jiji na Chama cha Wasanifu Majengo, pamoja na wenzao wa Ulaya na fedha za Umoja wa Ulaya, walilitengeneza, na mwaka wa 2017 likafunguliwa liwe mahali pa kuonyesha habari za majengo ya mji huo.

Ninyi mjuao kujenga mtapenda kusikia jinsi nyumba hizo za Pwani zilivyofanywa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu yake si mapenzi ya mwenye nyumba. Sakafu ya juu hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali: kama meta 3 hivi, basi. Mti ndio uliompimia fundi chumba. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua, tena huyatoa jua likiwaka. Lakini akija mtu mwenye haraka akaupaka saruji nje, maji yaliyokwisha kuingia hukosa njia ya kutoka. Hukaa ndani, na ncha za boriti zilizoingizwa ukutani huoza polepole, pasipo mtu kuona. Kwa hiyo mara nyingine nyumba huharibiwa na mtu aliyetaka kuitengeneza. Nalijifunza neno hilo nikiwa mtu mzima, nikaona haya, maana nami nimekwisha kuwashauri watu wapake saruji.

Sasa naja kwenye neno zito zaidi. Mzee yule hakuishia kwenye mvua. Alisema, "Nyumba ya Sultani ilijengwa kwa mali gani? Si pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo? Iacheni ianguke." Alisema kweli. Njia ile ya misafara ilianza Ujiji, karibu nasi, ikapita Tabora hata pwani, na biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya utajiri wa Unguja. Wala si hayo tu. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na baadaye, zamani za Waingereza, ndiyo iliyowachukua vijana wengi wa Buha kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Lakini mimi naona hayo yote ndiyo sababu ya kuilinda. Aliyetendewa neno akiiacha nyumba ianguke, atabaki na maneno ya kinywa tu, na mtu asiyependa kuyasikia atamwambia, "Nionyeshe." Twende tukaionyeshe, na habari za msafara zisemwe mle ndani waziwazi, pamoja na habari za nakshi na mlango.

Tena msidhani kuna wakati mwingi. Kule Unguja ilikuwako nyumba kubwa kuliko Boma, Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka wa 1883 zamani za Sultani Barghash. Mwaka wa 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba yaliyo kando yake, nayo ikabaki imesimama. Ikaingizwa katika mji uliotambuliwa mwaka wa 2000 kuwa urithi wa ulimwengu wote. Basi, tarehe 25 Desemba 2020, sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, sehemu yake kubwa ilianguka, nayo ilikuwa katika kutengenezwa, na watu wawili wakafa. Mizinga haikuiangusha. Heshima ya ulimwengu wote nayo haikuizuia isianguke.

Msaada ninaouomba si mchango wa fedha, maana najua bei ya mahindi mwaka huu. Mwalimu atakayepata safari ya Dar es Salaam, apite Bomani, aingie, aulize, na akirudi awaeleze watoto. Nyumba isiyoingiwa na watu hakuna atakayeona paa likivuja. Na akikuta maelezo ya mle hayataji watu wa bara, asinyamaze, bali awaandikie wenye kuitunza barua ya adabu, awaeleze ni nani waliopita njia ile. Mzee wangu amekubali kumsimulia mwalimu yeyote aliyoyasikia kwa babu yake juu ya misafara ya Ujiji. Yuko nyumbani kila siku baada ya saa kumi, ila siku ya soko.