Dawa ya Kisima Hutanguliwa na Kipimo cha Maji

Yafuatayo ni mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma.



Kila mwalimu wa sayansi aliyefundisha katika mwambao anaijua taabu ya kufua kwa maji ya kisima cha chumvi. Sabuni husuguliwa hata ikaisha, na povu halitoki. Badala yake hutoka utando mweupe unaoganda katika nguo na katika beseni. Sabuni ile si mbovu, wala maji yale si machafu. Kilichotokea ni kwamba vitu viwili, kila kimoja kizuri peke yake, vimekutanishwa bila kupatana: kalsiamu iliyomo katika maji imeshikana na sabuni, ikazaa kitu cha tatu kisichoyeyuka. Jambo hilo dogo la beseni, likikuzwa, ndilo linaloweza kuamua kama kisima cha mafuta ya petroli kitaleta mali au kitakufa.

Wengi hudhani kwamba mafuta yamekaa chini ya ardhi kama maji katika mtungi, na kwamba kazi ni kutoboa na kuteka. Sivyo. Mafuta yamo katika vinyweleo vya mwamba, kama unyevu katika mchanga uliolowa, nayo hukaa humo pamoja na maji ya kale yenye chumvi nyingi. Tangu siku ya kwanza ya kuchimba, binadamu huingiza humo vimiminika vya kigeni: tope la kuchimbia, maji ya chumvi ya kutayarishia kisima, tindikali ya kufungulia mwamba, na baadaye maji mengi ya kuyasukuma mafuta. Kila kimoja hukutana na wenyeji kisiowajua. Maji matamu yakiugusa udongo wa mfinyanzi ulio ndani ya mwamba, huenda udongo huo ukavimba na kuziba njia. Kwa hiyo mara nyingi hutiwa chumvi ya potasiamu. Tindikali ikikutana na aina fulani za mafuta ghafi, hasa pakiwapo chuma kilichoyeyuka, huzaa uji mzito mfano wa lami. Kwa hiyo hutiwa dawa za kukishika chuma na kuuzuia uji huo. Dawa za namna hii, zinazotiwa kwa kiasi kidogo ili vimiminika vipatane, ndizo zinazoitwa viungio.

Mfano ulio wazi kupita yote uko katika Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza na Norwei. Mafuta yanapotolewa, nguvu ya kuyasukuma hupungua, na njia iliyo rahisi kwa kituo kilicho katikati ya bahari ni kuingiza maji ya bahari chini ya mwamba ili yachukue nafasi ya mafuta. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 2,700 za salfeti, na maji ya kale yaliyomo katika miamba mingi ya huko yana bariamu. Salfeti na bariamu zikikutana huzaa salfeti ya bariamu, nayo ni katika vitu vigumu kabisa kuyeyuka. Lita moja ya maji safi huyeyusha miligramu mbili au tatu tu za kitu hicho. Ndiyo maana madaktari humnywesha mgonjwa uji wake kabla ya kumpiga picha ya tumbo, wala haumdhuru, kwa kuwa hauyeyuki mwilini. Kile kinachomwokoa mgonjwa hospitalini ndicho kinachokiua kisima: ukoko mgumu hujishika ndani ya mabomba, na tindikali ya kawaida haiuondoi kama inavyouondoa ukoko wa chokaa katika birika.

Katika eneo la Miller, lililogunduliwa mwaka 1983 na kuanza kutoa mafuta mwaka 1992, maji ya mwamba yalikuwa na bariamu nyingi mno, karibu miligramu 1,000 katika lita moja. Kisima kimoja cha huko kiliwashangaza wahandisi: uzalishaji wake ulishuka kutoka mapipa 30,000 kwa siku hadi sifuri katika muda wa saa 24. Kisima hakikuishiwa mafuta. Kilizibwa na ukoko uliozaliwa na maji mawili yasiyopatana.

Je, dawa hufanyaje kazi? Dawa za kuzuia ukoko, ambazo nyingi zina asili ya fosforasi au ni minyororo mirefu ya kemikali, haziondoi bariamu wala salfeti. Huzishika mbegu za ukoko zikiwa bado changa, zikazizuia zisikue. Ndiyo maana sehemu chache tu za dawa katika sehemu milioni moja za maji zaweza kutosha. Wataalamu huisukuma dawa hadi ndani ya mwamba wenyewe, ikashikamana na mawe, kisha ikawa inatoka kidogo kidogo pamoja na maji kwa muda wa miezi. Ikikaribia kwisha, kazi hurudiwa, na kila mara inaporudiwa kisima husimamishwa na gharama hulipwa. Kwa sababu hiyo wengine waliona heri kuuondoa ugomvi kwenye chanzo chake. Mwaka 1988, katika eneo la Brae, kilianza kutumika chombo cha kuchuja maji ya bahari kwa utando mwembamba unaoizuia salfeti kabla maji hayajaingizwa ardhini.

Hapa pana jambo ambalo muuza dawa huenda asilitaje kwanza. Viungio navyo hugombana. Dawa ya kuzuia ukoko yenye fosforasi, ikikuta maji yenye kalsiamu nyingi, yaweza yenyewe kugeuka ukoko. Dawa nyingi za kuzuia kutu zina chaji chanya ya umeme, na nyingi za kuzuia ukoko zina chaji hasi; zikitiwa katika bomba moja bila kupimwa huenda zikashikana, zote mbili zikapoteza nguvu. Dawa inayosaidia mafuta na maji kuachana yaweza kuharibiwa na dawa nyingine iliyotiwa kwa nia njema. Kwa hiyo anayeongeza dawa ili kuiponya dawa iliyotangulia hupanda gharama juu ya gharama.

Kinga ya mambo hayo si ya ajabu. Ni chupa za kioo, joko la kufikisha joto la kisima, na mtu mwenye subira. Huchukuliwa maji ya mwamba, maji yatakayoingizwa, mafuta ghafi na kila dawa inayokusudiwa. Huchanganywa kwa viwango mbalimbali, kimoja kwa tisa, nusu kwa nusu, tisa kwa kimoja. Huwekwa katika joto la huko chini, kisha hutazamwa kama pametokea ukungu, mashapo au uji. Hiyo ni kazi ambayo mhitimu wa kemia wa chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki aweza kuifanya akipewa vifaa na sampuli.

Mambo haya yanaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mafuta ya eneo la Ziwa Albert nchini Uganda, ambayo kiasi chake cha kufaa biashara kilithibitishwa mwaka 2006, ni mafuta yenye nta nyingi yanayoganda yakipoa. Bomba la kuyasafirisha kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, lilisanifiwa liwe na kihami joto na lipashwe moto kwa umeme, kwa kuwa waliolisanifu waliitambua kwanza tabia ya kimiminika chenyewe. Katika mradi wa Tilenga ulipangwa pia utekaji wa maji ya Ziwa Albert ili yaingizwe katika miamba. Maji ya ziwa si maji ya bahari. Kwa hiyo maarifa ya Bahari ya Kaskazini hayawezi kunakiliwa kama yalivyo. Kila mwamba una maji yake, na kila maji yana kipimo chake.

Hapo ndipo penye suala la Taifa. Mwenye kuuza dawa akiwa ndiye huyo huyo anayepima ugonjwa, mgonjwa hatapona upesi, na hati ya malipo haitapungua. Nchi yenye mafuta au gesi, isiyoshika mkononi matokeo ya vipimo vya maji yake yenyewe, itaambiwa kwamba dawa fulani ni lazima, nayo haitakuwa na neno la kujibu. Na gharama hizo, katika mikataba ya kugawana mazao, kwa kawaida hukatwa kwanza kabla faida haijagawanywa. Kwa maneno mengine, ukoko wa kisima huliwa na mwananchi.

Tena kuna afya ya watu na ya maji. Ukoko wa bariamu huweza kubeba radiamu, ukawa na mionzi inayomdhuru fundi anayesafisha mabomba. Nchi za Atlantiki ya kaskazini mashariki, kwa uamuzi wa mwaka 2000 chini ya mkataba wao wa kulinda bahari, ziliweka utaratibu wa lazima wa kuzichunguza kemikali za visima kabla hazijatumika. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani mwaka 2003. Sheria hupata nguvu kwa watumishi wanaoweza kuisoma karatasi ya maabara kama wanavyoisoma hati ya malipo.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeletewa ombi la kuidhinisha viungio ana haki ya kuuliza maswali matatu: Maji yamepimwa na nani? Dawa hizi zimechanganywa pamoja na kujaribiwa katika joto la kisima? Zikitoka kisimani zitakwenda wapi? Na mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi mashapo meupe katika gilasi asimwachie hapo. Amwambie kwamba mashapo yale yamewahi kukinyamazisha kisima cha mapipa 30,000, na kwamba Taifa linamhitaji yeye, si mgeni, ayatambue kabla hayajazaliwa.