Nyumba Ishibe Kwanza, Ndipo Tule Sisi



Sisi ndio tunaotunza mradi wa vyumba vya kupangisha. Tutasema mazuri ya mradi, na yaliyotuaibisha nayo tutayasema, maana leo tuna uamuzi mbele yetu.

Nyololo yetu ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita hapa, na hapa ndipo unapoikamata njia ya Igowole na Kibao mpaka Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Wapangaji wapo: mafundi mbao, walimu, vijana wa mashamba ya chai. Basi tulipomaliza vyumba sita tukajiona tumeshaajiriwa. Vyumba 6 kwa shilingi 20,000 ni 120,000 kila mwezi. Tukazigawana zote, hata senti haikubaki.

Kumbe nyumba nayo ina tumbo lake! Mwaka wa pili, katikati ya mvua, choo kilijaa. Sanduku tupu. Huku sisi tunachangishana, wapangaji wanne wakahama, na vyumba vikakaa bure miezi mitatu. Piga hesabu: shilingi 240,000 zimekwenda, na choo tulichimba vilevile. Mwenzetu mmoja aliyekopa akitegemea mgao aliuza nguruwe wake ili alipe. Hilo hatujalisahau.

Tangu hapo tumejiwekea taratibu tatu.

Kwanza, kila mwezi shilingi 24,000 zinaingia mfuko wa nyumba kabla hatujagawana. Na mgao tunaupigia hesabu ya vyumba vitano, si sita, maana kimoja hakikosi kuwa kitupu. Hivyo tunapanga juu ya 76,000. Ni kidogo, lakini kinafika.

Pili, kila mpangaji tunaandikiana naye mkataba, na akilipa anapewa risiti, hata akiwa mtoto wa dada yetu.

Tatu, kiwanja kiwe na karatasi yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, na mwanamke anayeomba asiwekewe masharti magumu kuliko mwanamume. Nyumba ya kikundi juu ya kiwanja chenye jina la mtu mmoja ni ugomvi unaosubiri msiba.

Sasa uamuzi wenyewe. Baadhi yetu wanasema kwa kuwa tumetimiza miaka kumi, mfuko wa nyumba ugawanywe, kila mmoja apate kitenge na mchele. Hatuwalaumu, sote tuna watoto. Lakini mabati ya upande wa nyuma yamekula kutu, mmeyaona wenyewe, na mvua haisubiri kikao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tunawaomba, jamani, mfuko ubaki. Leo tusherehekee kwa viazi na maharage tuliyochanga wenyewe, na kesho fundi apande juu. Kitenge kitapauka, lakini kodi itakuja tena mwezi ujao, ikiwa paa lipo.

Akina mama hoyee!