Kisu cha Kukunja: Kukinunua na Kukinoa



Leo sisemi juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kile kisu kidogo kilichomo mfukoni mwako. Mkulima mmoja wa kando ya ziwa aliniita nitazame miche ya michungwa aliyoibebesha. Karibu yote ilikuwa imekauka, naye alidhani macho aliyoyapachika yalikuwa mabaya. Nilipokishika kisu chake nikaona ni butu. Kilirarua ganda badala ya kulikata, na ganda lililoraruka halishikani na jicho.

Visu hivi si vigeni kwetu. Kile kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. (Mnyama mwenyewe yuko ng'ambo ya ziwa, katika misitu ya Kongo, huku kwetu hayuko.)

Uendapo sokoni Mwanga au Ujiji, usidanganywe na kung'aa. Kifungue kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mkono wa pili, ukitikise. Kikicheza kwenye ribiti, kirudishe. Gandamiza mgongo wake taratibu juu ya meza. Kikianza kujikunja, kirudishe vile vile, maana ndicho kitakachokukata vidole. Kikunje polepole uone kama makali yanagusa ubavu wa mpini. Kuhusu chuma, kipimo ni limau: chuma kinachoshika weusi huota kutu, lakini hunoleka upesi. Kile kisichoshika doa, kikiwa cha bei ndogo, mara nyingi ni laini na makali yake hayadumu. Muuzaji hatakuruhusu ukate limau kwa kisu chake, basi jaribu kwa kisu cha jirani aliyenunua hapo hapo.

Sasa kunoa. Usimpelekee mwenye gurudumu la kunolea. Cheche zile ni chuma chako kinachokwisha, na makali yakipata moto hata yakawa ya buluu, ugumu wake umepotea. Tafuta jiwe la kunolea, lilowe maji. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo kiasi cha njiti mbili za kiberiti zilizolaliana, usibadili kipimo hicho. Sukuma kisu makali yakitangulia, kama unayetaka kubandua ngozi nyembamba ya jiwe. Endelea upande mmoja mpaka upapase upande wa pili na kusikia kinywele cha chuma kinakwaruza ukucha. Hapo ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, ndiyo maana hunoa asubuhi nzima bila faida. Malizia kwa kukiburuta juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Liko jambo kubwa zaidi ya makali. Mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria, uliingia Kagera katika miaka ya 2000, na kisu ni mojawapo ya njia zake. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa kisu hicho hicho, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Panga waweza kulipitisha motoni, lakini kisu chembamba moto utakiharibu. Kichovye katika jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 5 kila utokapo shina moja kwenda jingine. Na lile ua dume chini ya mkungu usilikate kwa kisu kabisa. Livunje kwa mti wenye panda.

Jiki hula chuma. Jioni kisuuze, kikaushe, ukipake mawese kidogo, na tone moja kwenye ribiti. Usikikunje kikiwa kibichi.

Anayetaka kunoa mbele yangu alete kisu chake na jiwe lake.