Dakika Tano za Kukaa

Tangazo mmeshalisikia wiki hii: Mei 17 ni Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, twendeni tukapime presha. Tunaliunga mkono. Linalotutia wasiwasi sisi ni kiti.

Ndiyo, kiti. Bibi katoka sokoni Darajani na kikapu chake, kakimbia mvua ya masika, kakwepa vespa mbili uchochoroni, kafika kwenye hema la upimaji anahema. Hapewi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Mkanda unafungwa juu ya mkono wa buibui, miguu inaning'inia, na papo hapo anaulizwa jina, mtaa, namba ya simu. Mashine inasoma 168 kwa 98. Uso unamsawijika. Anarudi nyumbani na ugonjwa.

Anao kweli? Pengine. Lakini mashine imepima mbio za Darajani.

Moyo una mdundo wake wenyewe. Ungeachiwa bila ya neva, ungepiga kiasi cha mara 100 kwa dakika. Kinachoushusha hadi 70 hivi tukitulia ni neva moja ndefu itokayo kwenye ubongo, vagasi, inayoushika moyo kama nahodha aliyepunguza tanga. Ukikimbia, ukiogopa, vagasi inalegeza mkono, neva za dharura zinashika usukani, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda kasi, mishipa inabana, presha inapanda. Neva hutulia upesi. Adrenalini iliyokwishaingia kwenye damu inataka dakika zake. Tumesema, tunasema tena: dakika tano za kukaa!

Na Mji Mkongwe wetu huu wa Unguja haukosi pa kukaa. Nyumba za Mkunazini na Kiponda zimejengewa baraza mlangoni.

Tunaloliogopa zaidi ni hili. Aliyepimwa ovyo, leo akaambiwa anayo, kesho akaambiwa hana, haamini tena kipimo chochote. Anasema ni hofu tu, anatupa vidonge. Na presha ya kweli haiumi, haibishi hodi. Vidonge kama atenolol kazi yake ni kuuziba moyo masikio usiisikie adrenalini; ukiviacha ghafla, moyo unazibuka masikio kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Usiviache bila ya daktari. Usiviache!

Wasimamizi wa upimaji, tunakuombeni viti. Viti vyenye mgongo, na dakika tano. Mashine mnazo, wauguzi mnao. Viti!

Na wewe uliyepo Jaws Corner na kikombe cha kahawa mkononi, ngoja nusu saa ndipo uende. Usikubali kupimwa ukiwa wima. Kaa. Egemea. Nyayo zote mbili chini, mkono usawa wa moyo, mdomo ufunge. Kikitoka kipimo cha kwanza, omba cha pili. Na wakitaka namba yako ya simu, waambie: baada ya kupima.