Ngoma na Daftari

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Makambako)



Nimetakiwa niseme machache, kwa kuwa chama chetu kinafikiria kuanzisha siku ya ngoma na muziki hapa shuleni kila mwaka. Mimi si mwanamuziki. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni makaratasi. Basi nitasema kama mtu wa makaratasi.

Kule Unguja lipo tamasha liitwalo Sauti za Busara. Mwaka 2003 liliundwa shirika lisilo la faida, Busara Promotions, likiongozwa na Ndugu Yusuf Mahmoud. Februari 2004 tamasha la kwanza likafanyika Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi makao yake yamekuwa Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa. Walishika kanuni kwamba msanii apige na kuimba mwenyewe mbele ya watu, asifunguliwe kanda akachezesha midomo. Tena mwananchi alipe kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Hivyo taarabu ikapanda jukwaa moja na muziki wa pembe zote za Afrika, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, akawaimbia vijana wa rika la wajukuu zake.

Nilikwenda huko mwaka 2015, nikafurahi sana. Nikapanga kurudi mwaka 2016, kumbe tamasha halipo! Viingilio vya mlangoni havikutosha gharama, wafadhili walipungua, na watayarishaji wakatangaza wazi kwamba mwaka huo hawafanyi. Wenzangu ofisini walisema, "Wameshindwa hao." Mimi nilinyamaza, maana nilikumbuka jambo la hapa hapa.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mtunza fedha wa kikundi cha muziki cha bweni letu. Tulifanya onyesho bwaloni, fedha za kiingilio tukazitia katika kopo la maziwa. Sikuandika hata senti moja. Aliyetaka nyuzi za gitaa alichukua, aliyetaka soda za wageni alichukua. Mwisho wa muhula kopo lilikuwa tupu, na fundi aliyetukopesha ngozi za ngoma alikuja kudai chake. Lawama ikamwangukia mpigaji wetu bora kuliko wote, akaitwa mwizi. Nilijua hakuiba, lakini sikuwa na daftari la kumtetea, wala ujasiri wa kusema kwamba kosa ni langu. Kikundi kikafa. Yeye hakushika ngoma tena mpaka tulipomaliza shule.

Ndugu zangu, mwenzetu huyo yumo humu ukumbini. Jana usiku nilimwomba radhi, na kwa ruhusa yake naomba radhi tena leo mbele yenu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu sisi ilipotea mali, na jina la mtu likaharibika bure.

Watu wa Unguja waliona kheri kusema "hatuna" kuliko kufanya tamasha kwa madeni. Waliaminiwa, na mwaka 2017 tamasha likarudi. Mwaka 2021, wakati wa korona, walifanya siku mbili tu. Walijikuna pale mkono ulipofika.

Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapa, na barabara ya Songea inakutana hapa na ile ya Iringa na Mbeya. Ngoma za Wabena, Wahehe, Wakinga na Wangoni zinaweza kufika kwa basi la asubuhi. Kwa hiyo napendekeza tuanze na siku moja, katika bwalo letu wenyewe. Kila shilingi iandikwe, na hesabu ibandikwe ubaoni wanafunzi waisome. Fedha zisipotosha, tutangaze mapema kwamba mwaka huo hatufanyi. Haitakuwa aibu.

Mchango wangu wa kwanza ni daftari hili kubwa. Namkabidhi mwanafunzi atakayechaguliwa mtunza fedha. Kijana, ukikosea, andika kosa lako humo siku hiyo hiyo. Usingoje miaka mingi kama mimi.